Dawa ya Njiwa kwa Chatu

Nyumba ya Clive na Lorraine Ackroyd, pale Wombwell, mji wa wachimba makaa kaskazini mwa Uingereza, ilikuwa ndogo lakini iliwatosha wote. Clive alikuwa na njiwa. Lorraine alikuwa na chatu. Mume hakumgusa chatu, na mke hakuwagusa njiwa. Kwa mpango huo ndoa yao ilikuwa imedumu, na majirani waliionea wivu.

Njiwa waliishi bandani, nyuma ya nyumba. Walikuwa njiwa wa mashindano. Clive alichimba makaa ya mawe tangu ujana wake, na mgodi ulipofungwa alibaki na vitu viwili, kikohozi na njiwa. Kikohozi alikichukia. Njiwa aliwapenda kupita kiasi.

Chatu aliishi sebuleni, ndani ya kasha refu la mbao lenye mlango wa kioo na taa ya joto. Jina lake lilikuwa Marigold. Alikuwa jike mnene mwenye madoa ya kahawia na manjano. Hakuwa na sumu wala hasira. Akiogopa, alijikunja kama mpira na kuficha kichwa katikati. Lorraine alimleta baada ya binti yao kuhamia Kanada, kwa sababu nyumba ilikuwa imenyamaza mno.

"Wake zenu wananunua paka," Clive aliwaambia rafiki zake. "Wangu mimi kanunua mshipi unaokula panya!"

Kila jioni Lorraine alirudi kutoka shuleni, alikokuwa mpishi wa chakula cha watoto. Alivua viatu. Alichemsha chai, akaitia maziwa. Kisha alimtoa Marigold na kukaa naye kwenye kochi mbele ya televisheni. Chatu alijilaza mapajani mwake na kukiingiza kichwa ndani ya mkono wa sweta.

"Sogea, Clive," Lorraine alisema. "Umemkalia mkia."

"Kochi hili nililinunua mimi."

"Na Marigold hajakunyima. Sogea tu, mpenzi."

Clive alisogea, huku akiguna. Hivyo ndivyo jioni zao zilivyokwenda, na kwa kweli hakuna aliyekuwa na shida nazo.

Wafugaji wa nyoka wa pande zile wana desturi moja. Mwenye dume humwazima mwenye jike. Dume huletwa, hukaa na jike siku kadhaa, kisha hurudishwa kwao. Mayai yakianguliwa, wenye nyoka hugawana watoto. Hakuna mahari wala ngoma.

Mwanzoni mwa majira ya baridi, Neville Tranter alibisha hodi. Alikuwa rafiki wa Lorraine kutoka chama cha wafugaji wa nyoka. Mkononi alishika foronya iliyofungwa fundo, na ndani ya foronya kitu kilijisokota.

"Bwana harusi amefika!" Neville alisema kwa sauti kubwa. "Anaitwa Rupert. Kijana wa adabu, anakula vizuri, hana makuu."

"Na mshenga ndiye wewe?" Clive aliuliza.

"Ndiye mimi. Chai iko wapi?"

Lorraine alifungua foronya, akamtazama Rupert huku na huku, akamsifu. Kisha akafungua kasha la Marigold na kumwingiza papo hapo.

Clive alikuwa akimimina chai. Alitaka kusema neno. Bandani kwake, njiwa mgeni haingii kwa wenzake siku ya kwanza, hata awe bingwa wa Uingereza nzima. Njiwa mgeni hukaa peke yake kwanza, katika kibanda cha pembeni, mpaka Clive aone kama ana ugonjwa au wadudu. Hiyo ni sheria aliyofundishwa na baba yake. Lakini Clive akanyamaza. Mambo ya nyoka hayakuwa mambo yake.

Siku chache baadaye Neville alikuja kumchukua Rupert. Waswahili tunasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Rupert hakupewa jembe. Aliondoka ameshiba, naye aliacha kitu nyuma ambacho hakuna aliyekiona.

Haukupita muda mrefu, Marigold akabadilika. Aliacha kulala chini ya taa. Alijikunja ndani ya bakuli lake la maji, akakaa humo kutwa. Lorraine alimpa panya, naye akageuza kichwa pembeni. Ngozi yake ilipoteza mng'aro, ikawa kama imepakwa vumbi jeupe.

Jioni moja Lorraine alimpangusa kwa karatasi nyeupe ya jikoni. Akaitazama ile karatasi chini ya taa.

"Clive, njoo na miwani yako."

Clive alikuja. Kwenye karatasi palikuwa na vitone vyeusi, vidogo kama pilipili manga iliyosagwa.

"Uchafu huo," alisema.

"Tazama vizuri."

Clive alitazama vizuri. Vile vitone vilikuwa vikitembea. Alikiminya kimoja kwa ukucha, na karatasi ikapata alama nyekundu ya damu.

"Utitiri," alisema. Neno hilo alilijua. Mfuga njiwa asiyejua utitiri ni sawa na mwokaji asiyejua unga.

Lorraine alimgeuza Marigold polepole. Utitiri ulikuwa kuzunguka macho yake. Ulikuwa chini ya kidevu na katikati ya magamba. Chini ya maji ya bakuli ulikuwa umezama mwingi, mweusi. Lorraine akaanza kulia.

"Anaingia majini ili kuwazamisha," alisema. "Maskini, amekuwa akijitibu mwenyewe, nami simwoni."

"Basi, basi, mpenzi. Ni wadudu tu."

"Wanamnyonya damu, Clive! Nyoka hufa kwa hawa. Kliniki imeshafungwa saa hizi. Kesho nitampigia daktari nikipata nafasi. Ningebaki nyumbani, lakini kesho ndiyo chakula cha Krismasi shuleni. Siwezi kuwaacha watoto wote wale bila bata mzinga."

Clive hakumpenda chatu. Lakini hakupenda kabisa kumwona mkewe akilia. Asubuhi Lorraine alipoondoka, Clive alibaki jikoni akila mkate wa kuchoma na kufikiri. Kisha akapiga meza kwa kiganja.

"Utitiri ni utitiri!" alijiambia. "Na mimi dawa ninayo."

Alikwenda bandani na kurudi na mkebe wa dawa ya kupuliza. Dawa hiyo alikuwa ameitumia miaka mingi kwa njiwa. Hakusoma maandishi yake. Mtu hasomi barua aliyoiandika mwenyewe, aliwaza. Alifungua kasha, akampulizia Marigold toka kichwani hadi mkiani. Akapulizia magome ya mti aliyolalia, na kijumba chake cha mbao, na kuta zote. Kisha akafunga mlango wa kioo barabara, ili dawa isitoke. Akaenda kuchemsha chai, akipiga mluzi. Alijiona akimpokea mkewe jioni na habari njema.

Chai haikuwa imepoa aliporudi sebuleni. Marigold alikuwa amelala chali. Tumbo lake jeupe lilitazama juu. Kichwa kilikuwa kikitikisika, huku na huku, bila kukoma. Clive aligonga kioo. Marigold alijaribu kujigeuza, akashindwa.

Clive aliogopa. Aliwahi kukaa chini ya ardhi mwamba ukilia juu ya kichwa chake, lakini hofu ya siku hiyo ilikuwa ya aina nyingine. Alipiga simu jikoni mwa shule. Alisikia sufuria zikigongana na watoto wakiimba.

"Lorraine, nadhani nimemuua."

"Umemuua nani?"

"Marigold. Nimempulizia dawa ya njiwa."

Watoto waliendelea kuimba.

"Clive, nisikilize," alisema. "Fungua madirisha. Halafu mpigie Daktari Mistry sasa hivi, namba imebandikwa kwenye jokofu. Fanya kila atakachokwambia. Mimi nakutana na wewe kliniki."

Daktari Mistry alitibu wanyama wa kila aina, kuanzia sungura hadi kobe. Aliongea kwa haraka lakini kwa utulivu.

"Bado anapumua?"

"Anapumua. Anatikisika."

"Vaa glavu za mpira. Mtoe ndani ya kasha mara moja, kasha lina sumu. Mpeleke penye hewa safi, lakini pasiwe na baridi. Weka maji ya vuguvugu kwenye beseni. Mkono wako usisikie moto wala baridi. Maji yawe machache tu. Mwoshe kwa maji yanayotiririka polepole, mara kadhaa. Shikilia kichwa juu ya maji wakati wote, maana hana nguvu ya kukiinua. Umenielewa?"

"Daktari, mimi sijawahi kumshika."

"Leo utamshika, Bwana Ackroyd. Halafu mlete hapa, na ule mkebe uje nao."

Clive alivaa glavu. Alifungua kasha, harufu kali ikampiga puani. Aliingiza mikono yake mikubwa chini ya Marigold, akamnyanyua. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani. Alikuwa laini pia, na hilo hakulitarajia. Miaka yote alidhani nyoka anateleza kama samaki.

Alimpeleka bafuni. Akakiweka kichwa kidogo juu ya kiganja chake cha kushoto, na kwa mkono wa kulia akamwagia maji taratibu. Kichwa kilitetemeka juu ya kiganja kama kifaranga cha njiwa kilichotoka yaini.

"Pole," alisema Clive. "Pole, mama. Mimi ni mpumbavu. Usife, tafadhali. Ukifa wewe, huyu mwanamke nitamwambia nini?"

Alibadilisha maji, akamwosha tena, na tena. Alimkausha kwa taulo. Kisha akamtia katika foronya safi, foronya akaiweka katika boksi, na boksi akalizungushia blanketi lake mwenyewe.

Lorraine alimkuta mlangoni mwa kliniki. Alikuwa bado amevaa aproni, na kichwani taji la karatasi nyekundu la sherehe ya Krismasi. Alikuwa amelisahau. Hakuna aliyecheka.

Daktari Mistry alimpima Marigold. Alimgeuza chali, akangoja. Marigold alijigeuza, polepole sana, lakini alijigeuza.

"Hiyo ni dalili nzuri," alisema daktari. "Kule kuoshwa haraka kumemsaidia. Atabaki hapa, tutampa maji mwilini na kumweka mahali penye joto la kadiri. Siwezi kuwaahidi kitu leo. Lete mkebe."

Clive alimpa. Daktari aliugeuza, akaweka kidole juu ya maandishi madogo.

"Soma hapa."

Clive alivuta miwani kutoka utosini. "Kwa mabanda ya ndege tu," alisoma. Uso wake ulimwiva kwa aibu.

"Lakini daktari," alisema, "njiwa wangu hawajawahi kufa kwa dawa hii."

"Njiwa ana manyoya. Ukipulizia bandani, anapiga mbawa na kutoka nje. Nyoka atakwenda wapi? Analala juu ya dawa kwa tumbo lake lote. Na wewe ulifunga mlango, kwa hiyo akaivuta puani mpaka ikamlevya. Dawa nyingi za ndege, mbwa na paka ni sumu kwa nyoka. Hata dawa ya nyoka yenyewe ikizidi kipimo inaua. Usimpe nyoka dawa yoyote kabla ya kumwuliza daktari wa wanyama anayejua nyoka."

"Nimeelewa."

"Sasa mwenye nyoka." Daktari alimgeukia Lorraine. "Huu utitiri ulitoka wapi? Kuna nyoka mgeni nyumbani?"

Lorraine alitazama viatu vyake. "Alikuja dume wa kuazima. Nilimwingiza siku ile ile."

"Bila kumweka peke yake kwanza?"

"Neville alisema yuko safi."

Clive alikohoa. "Kwangu njiwa mgeni hulala kibanda cha pembeni," alisema. "Siku ile nilitaka kusema, nikameza maneno."

"Mbona hukusema?" Lorraine aliuliza.

"Ungenisikiliza?"

Lorraine alifikiri. "Nisingekusikiliza," alikiri.

"Basi mna kesi moja ninyi wawili," alisema Daktari Mistry. "Mmoja kakosea kabla, mwingine kakosea baada. Kaeni, niwaeleze kazi iliyo mbele yenu. Na mama, una taji kichwani."

Lorraine alilishika taji, akacheka kidogo, kisha akafuta machozi kwa taji lenyewe.

"Watu wanamtibu nyoka na kuisahau nyumba yake," daktari aliendelea. "Utitiri hunywa damu kwa nyoka, lakini hautagi mayai juu yake. Unashuka. Unataga kwenye nyufa za kasha, kwenye matundu ya skrubu, chini ya magome, hata kwenye zulia lenu. Leo ukiua wakubwa wote, baada ya siku chache watoto wanatoka kwenye mayai na kumpanda tena."

"Kama kupe wa bandani," alisema Clive. "Mchana wanajificha kwenye mbao."

"Umeona? Unajua zaidi ya unavyodhani. Magome yote yatupeni, ndani ya mifuko iliyofungwa, nje ya nyumba. Kijumba cha mbao na matawi, vivyo hivyo. Kasha lisugueni kwa maji ya moto na sabuni, kila pembe, na mliache likauke kabisa mpaka harufu ya ile dawa iishe. Sakafu ya chumba ipigwe mashine ya kufyonza vumbi, na ule mfuko wa vumbi utoke nje siku hiyo hiyo. Marigold akirudi, mtandikieni karatasi nyeupe ya jikoni tu."

"Kwa nini nyeupe?" Lorraine aliuliza.

"Ili adui aonekane. Kila siku badilisheni karatasi na mtazame. Badilisheni na maji, mtazame chini ya bakuli. Akipata nguvu, nitawapa dawa yake, na nitawaonyesha namna ya kumpaka kwa kitambaa. Haipulizwi usoni. Haiendi machoni wala mdomoni. Mtairudia kama nitakavyowaandikia, hata mkiona ameshapona, kwa sababu ya yale mayai. Na hadi nitakaposema, msiende kwenye chama, wala msishike nyoka wa mtu. Utitiri hupanda hata mkono wa sweta."

Marigold hulala ndani ya mkono wa sweta. Lorraine alilikumbuka hilo, akajikuna.

Walikuwa garini, na taa za barabarani za Wombwell zilikuwa zimeanza kuonekana.

"Ulimshika?" Lorraine aliuliza.

"Nilimshika."

"Kwa mikono yako?"

"Sina mingine."

"Alikuwaje?"

Clive alifikiri. "Mzito," alisema. "Na laini. Nisamehe, Lorraine. Nilitaka ukirudi ukute nimekupangia jambo zuri."

"Najua. Ndiyo maana sijakunyonga," alisema Lorraine, na mkono wake ukaja ukakaa juu ya goti la mumewe.

Kesho yake walianza kazi. Lorraine alifunga mifuko ya magome. Clive alilibeba kasha hadi uani, akafungua skrubu moja baada ya nyingine. Alizisugua kwa mswaki wa zamani. Alipokuwa akisugua aligundua ufa mwembamba kwenye kona, na ndani ya ufa palikuwa peusi kwa utitiri. Alimwita mkewe kwa furaha, kama mtu aliyeokota noti.

"Hapa ndipo nyumbani kwao! Niletee maji ya moto, bibie. Yachemke!"

Lorraine alimpigia simu Neville. Clive alisikia sauti yake yote kutoka upande wa pili.

"Rupert wangu? Ana utitiri? Lorraine, Rupert ni safi kama sahani!"

"Sikulaumu, Nev. Mimi ndiye niliyemwingiza bila kumkagua. Mpanguse kwa karatasi nyeupe, na wenzake pia. Kisha utazame."

"Nitapangusa, lakini kwa heshima yako tu."

Kabla ya chai ya jioni simu ililia. Neville hakupiga kelele safari hii.

"Lorraine," alisema. "Karatasi imejaa. Yeye na wenzake wote. Jamani, aibu yangu hii nikaifiche wapi? Huyo daktari wako anaitwa nani?"

Marigold alirudi nyumbani akiwa amekonda, lakini kichwa hakikutikisika tena. Kasha lake lilikuwa tupu na safi, limetandikwa karatasi nyeupe kama kitanda cha hospitali. Kijumba chake sasa kilikuwa boksi la viatu, ambalo lingetupwa likichafuka. Alipopata nguvu, Daktari Mistry aliwapa dawa yake na kuwaonyesha kipimo. Lorraine alishika kichwa. Clive, amevaa glavu, alipaka kwa kitambaa, akifuata magamba kuelekea mkiani. Dirisha lilikuwa wazi. Bakuli la maji lilitolewa, likarudishwa dawa ilipokauka, kama walivyoagizwa.

Karatasi ya siku za mwanzo ilikuwa na vitone. Iliyofuata ilikuwa na vichache. Ikafika asubuhi Lorraine alipotazama na kusema, "Hakuna! Sasa tumwache apumzike."

"Daktari alisema turudie," Clive alijibu.

"Lakini hakuna hata mmoja."

"Mayai huyaoni, Lorraine. Turudie."

Lorraine alimtazama mumewe kana kwamba ni mpangaji mpya. Wakarudia.

Theluji ilipoyeyuka, Marigold alijivua gamba. Lilitoka zima, toka puani hadi ncha ya mkia, bila kuchanika hata mahali pamoja. Ngozi mpya iling'aa. Jioni ile alimmeza panya wake bila kusita, na Lorraine akacheza densi peke yake sebuleni. Mayai hayakupatikana mwaka ule. Daktari alikuwa amesema mwili wa Marigold upumzike kwanza, nao hawakubisha.

Mwaka ukazunguka. Baridi ilipoanza tena, Neville alibisha hodi, foronya mkononi. Safari hii mlango ulifunguliwa na Clive.

"Bwana harusi amefika," alisema Neville, kwa sauti ya chini kidogo.

"Karibu. Yeye anakwenda chumba cha nyuma."

"Clive, daktari alishamtibu. Yuko safi kabisa!"

"Sijasema ni mchafu. Hata njiwa wa mfalme akija kwangu analala pembeni kwanza. Rupert atakaa peke yake, na kasha lake, na bakuli lake, na karatasi nyeupe. Miezi miwili, isipungue. Tunamhudumia Marigold kwanza, Rupert mwisho, halafu tunanawa mikono. Akitoka safi, tutapiga vigelegele."

Neville alimchungulia Lorraine, aliyekuwa amesimama nyuma ya mumewe.

"Huyu kafundishwa na nani?"

"Usiniulize mimi," alisema Lorraine. "Siku hizi mimi ni mpishi tu humu ndani."

Rupert alikaa chumba cha nyuma miezi yake yote miwili. Karatasi yake ilibaki nyeupe. Ndipo akakutanishwa na Marigold, na majira ya kiangazi yalipofika, kulikuwa na mayai saba meupe. Yalipoanguliwa, Neville alipewa watoto wake, na kila mmoja aliondoka na maelekezo ya Clive, ambayo yalikuwa marefu kuliko mtoto mwenyewe.

Lorraine anakumbuka zaidi jioni moja ya Jumapili. Alirudi kutoka dukani akakuta sebule kimya. Clive alikuwa kwenye kochi. Mkononi alishika leso yake nyeupe, ile ya kuendea kanisani. Alikuwa amempangusa Marigold kwa leso ile yenye maji kidogo, kuzunguka kidevu, halafu mgongo mzima. Sasa alikuwa ameinyanyua kwenye taa, miwani imekaa puani.

"Nyeupe," alisema.

Marigold alikuwa amejilaza mapajani mwake, na kichwa kimeingia ndani ya mkono wa sweta. Lorraine aliweka mfuko chini, akavua viatu, akajitupa kwenye kochi pembeni ya mumewe.

"Sogea, Lorraine," alisema Clive. "Umemkalia mkia."